Mwanachama Hafukuzwi kwa Kufa

Walimwita Daftari, na jina hilo lilimkaa hata watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa na jingine. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa wanachama wa klabu ya mpira. Ofisi yake ilikuwa chini ya jukwaa kuu: chumba chembamba chenye kabati la chuma, meza iliyotiwa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na kidirisha cha kulipia ada. Siku za mechi, jukwaa likiruka kushangilia bao, vumbi la dari lilimdondokea kichwani, naye alijua matokeo kabla hajaambiwa. Akitoka amejaa vumbi, klabu imeshinda.

Daftari lenyewe, lile la karatasi, lilikuwa zito la kubebwa kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na majina elfu mbili mia moja na arobaini, mengi kwa mwandiko wake mwenyewe. Hao ndio waliokuwa wenye klabu. Mchukuzi wa sokoni alikuwa na kura moja, daktari naye moja, na mwenyekiti mwenyewe hakuwa na mbili. Daftari aliwaeleza wageni jambo hilo kwa majivuno, utadhani ameligundua yeye.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ambao wageni waliuona kichekesho. Mwanachama akifariki, hakufutwa. Daftari aliweka nukta nyekundu pembeni ya jina, akavaa koti lake la mazishi, akaenda kuzika, basi. Mke au mtoto akitaka, aliendelea kulipa ada, na risiti iliandikwa kwa jina la marehemu. Mwenyekiti wa kwanza ndiye aliyeamua hivyo, siku alipoulizwa wafu wafanywe nini. Mwanachama hafukuzwi kwa kufa, alisema, kisha akaendelea na ajenda nyingine.

Hivyo ndivyo mjane wa kipa alivyokuwa akija kidirishani kila mwanzo wa mwaka. Mumewe, aliyelinda lango la klabu kwa misimu tisa, alikuwa rafiki wa damu wa Daftari, na mjane huyo hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila shemeji. Alilipa, akapokea risiti, akauliza kama namba ya mzee bado ipo. Daftari alimjibu kwamba ipo, haijaenda popote. Waliulizana na kujibizana hivyo miaka kumi na minne, na kila mara mama yule aliondoka ametulia.

Katiba ya klabu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na Daftari aliijua kwa kichwa. Uwanja hauuzwi na klabu haigeuzwi kampuni mpaka theluthi mbili ya wote wenye majina daftarini wakubali, ukumbini, kwa kunyoosha mkono. Na jina haliondolewi daftarini na mtu yeyote, hata awe nani, isipokuwa kwa saini ya karani. Sasa piga hesabu. Theluthi mbili ya majina yale ni zaidi ya elfu moja na mia nne. Walio hai hawakufika hata elfu moja na mia mbili. Maana yake, hata wote wangekuja, pamoja na wagonjwa na walio safarini, wakanyoosha mikono yote miwili, klabu isingeuzika. Marehemu walikuwa wameikalia. Daftari aliijua idadi na aliijua katiba, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kuviweka viwili hivyo kwenye meza moja. Hilo ni kosa lake, na tuliseme mapema asije akaonekana malaika.

Klabu ilikuwa hoi. Wachezaji walikuwa na miezi minne bila mshahara, na mshambuliaji bora aliuzwa katikati ya msimu ili walipie umeme na mafuta ya basi. Hapo ndipo tajiri wa saruji alipoanza kuonekana jukwaani, shingoni skafu ya klabu ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alisema anaipenda timu tangu utotoni. Alichokipenda kila mtu alikijua: uwanja ulikuwa katikati ya mji, mita mia mbili kutoka kituo kikuu cha mabasi, ardhi ambayo kila mfanyabiashara akiipita huimezea mate. Mara mbili uliitishwa mkutano wa kumuuzia, na mara mbili akidi haikutimia. Watu walidhani ni uvivu wa wanachama. Tajiri akarudi nyumbani amenuna.

Daftari alikuwa adui mkubwa wa mauzo hayo, na hakuficha. Kila aliyesimama kidirishani alihubiriwa. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba atakufa akiwa ameiacha klabu mkononi mwa mtu mmoja. Aliyehubiriwa kuliko wote alikuwa wakili wa klabu, kwa sababu wakili huyo alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Kazi hiyo alimtafutia yeye. Alikwenda kwa mwenyekiti amevaa lile koti la mazishi, akaomba, akamdhamini kijana kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasema hata kwa ajili yake mwenyewe.

Ijumaa moja mchana mkwe aliingia ofisini na mchoro mkubwa, akautandaza mezani juu ya daftari. Ulikuwa mchoro wa ukuta. Ungejengwa pembeni ya lango kuu, na juu yake yangechongwa majina ya wanachama wote waliotangulia, kila mmoja na namba yake na mwaka aliofariki. Alisema klabu imewasahau watu hawa na ni aibu. Alisema hakuna mwingine duniani anayewajua kama baba, na baba akiondoka wataondoka naye. Kilichohitajika ni orodha safi, iliyochapwa, ili mafundi wa mawe wasikosee.

Daftari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Miaka thelathini na mmoja, na hatimaye mtu amekuja kuuliza habari za nukta nyekundu. Alivikwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, na hakuhisi hata uzito wake.

Aliyepewa kazi ya kuchapa alikuwa binti. Tangu mama yake afariki, miaka minne nyuma, alikuwa akija kumwona baba yake kwa nadra, na akija anatazama saa. Sasa alikuja kila Jumamosi asubuhi na kompyuta yake, akachemsha chai, akakaa, na hakutazama saa. Daftari alisoma jina, akalieleza. Alimweleza habari za namba themanini na nane, aliyeuza baiskeli ili aende kuona fainali, kisha akarudi kwa miguu siku mbili. Alimweleza habari za wale maadui wawili waliokataa kukaa safu moja, wakafa wiki moja, na yeye akawaandika tarehe za kufuatana huku akicheka na kulia. Alimweleza habari za kipa aliyeokoa penalti kwa pua, akazimia, akazinduka akiuliza kama mpira uliingia. Binti alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Na aliposikia kwamba kipa huyo, alipojua hatapona, alilipa ada ya miaka mitatu mbele ili mkewe asisumbuliwe mapema, binti alishika uso, machozi yakamtiririka, na baba yake akampa kitambaa cha kufutia wino kwa kuwa hakuwa na kingine.

Wiki sita. Daftari alikuwa akinyoa ndevu kila Ijumaa jioni. Jirani alimtania kwamba mzee amepata mchumba, naye akajibu kwamba amepata mtoto.

Kila ukurasa uliokamilika, binti aliutoa, na Daftari akautia saini na mhuri, maana ndivyo alivyofanya na kila karatasi iliyopita mkononi mwake. Mara moja alisoma kichwa cha ukurasa, akauliza. Kiliandikwa: Wanachama walioondolewa daftarini kwa sababu ya kufariki.

"Walioondolewa?" alisema. "Hawa hawajaondolewa, mama. Wanahamia ukutani."

"Ndivyo wanasheria wanavyoandika, baba," binti alijibu bila kuinua macho. "Wao hawajui kuandika kama watu."

Akacheka. Akatia saini. Kurasa thelathini na nane, majina mia tisa na hamsini, na hakuna hata moja alilokosea.

Mkutano wa tatu uliitishwa mwezi uliofuata, Jumamosi saa nne asubuhi. Daftari alikwenda bila wasiwasi, akakaa safu ya mbele. Walikuja watu mia tisa na tatu. Akahesabu kimoyomoyo kama alivyozoea, akaona ni wachache, akakunja mikono. Kisha mkwewe akasimama na tai yake ya buluu, akasoma kwamba kwa mujibu wa daftari lililohakikiwa, klabu ina wanachama elfu moja mia moja na tisini, theluthi mbili yao ni mia saba tisini na nne, na kwa hiyo akidi imetimia.

Ile idadi na ile katiba zikakutana meza moja kichwani mwa Daftari. Alisimama bila kuomba ruhusa.

"Mwenyekiti, hiyo si idadi ya daftari langu. Langu lina watu elfu mbili mia moja na arobaini."

Mkwe hakukasirika. Alishuka jukwaani taratibu na bunda la karatasi, akamwonyesha kwa heshima zote, mbele ya watu.

"Mzee wetu, saini hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Na hawa mia tisa na hamsini waliomo humu, wako hai?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wachezaji, waliokuwa wamesimama nyuma wakingojea mishahara yao, walicheka. Daftari alitazama zile karatasi. Angetaka sana kusema kwamba wako hai. Lakini mkono wake haukuwahi kuandika uongo, na mdomo haukuwa na mazoezi.

"Wamefariki," alisema.

"Ahsante, mzee wetu."

Mikono mia nane kumi na miwili ikanyooka. Tajiri wa saruji alipeana mikono na kila aliyemfikia. Daftari alipitwa, na akashukuru kupitwa.

Kesho yake alasiri alikwenda kwa binti yake. Alimkuta sebuleni akipiga pasi mashati ya mumewe, na alipomwona baba yake hakusema karibu. Aliendelea na kola. Daftari alikaa kwenye kochi, kofia magotini, akauliza neno moja, kama alijua.

Alijua. Tangu siku ya kwanza. Hakujitetea kwa uongo, na hilo ndilo lililomchoma mzee zaidi. Alisema klabu ilikuwa inakufa, wachezaji wana watoto, na mumewe ameahidiwa utendaji mkuu wa kampuni mpya. Alisema amechoka kuishi nyumba ya kupanga na kubembeleza mwenye nyumba.

"Ungeniambia," Daftari alisema.

"Ungekataa, baba."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi."

Alitaka kumuuliza habari za zile Jumamosi. Alitaka kujua kama mtu anaweza kulia vile huku anachapa. Binti akalijibu swali kabla halijatoka. Alisema alilia kweli. Daftari alitamani angemwambia ni maigizo. Maigizo angeyajua la kuyafanya.

Mkwe alitoka chumbani na simu mkononi. Alimwamkia vizuri, akamuuliza hali, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo, kwamba anasikia baadhi ya familia zinazungumzia mahakama. Hilo halimsumbui. Yeye hakuchapa kitu wala hakusaini kitu, jina lake halimo kwenye karatasi hata moja. Aliyechapa ni mkewe, aliyesaini ni baba.

Pasi ilisimama. Binti alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na Daftari akaona kwamba hilo hakulijua. Yeye naye alikuwa ameuzwa, tena na mtu aliyekuwa akimpigia pasi mashati. Shati lilianza kutoa harufu ya kuungua ndipo akainua mkono. Daftari alivaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye orodha ya hisa ilibandikwa langoni. Kila mwanachama aliye hai alipewa hisa ishirini za kampuni mpya. Familia zilizolipia marehemu wao miaka na miaka hazikupewa hata moja, kwa kuwa marehemu waliondolewa daftarini kwa saini halali ya karani. Ukuta haukutajwa tena. Wapimaji wa ardhi walikwisha kuingia na vigingi vyao, wakachomeka kimoja kwenye kisanduku cha penalti. Uwanjani Daftari hakuwa na kazi tena, na njiani waliomwamkia walipungua. Muuza magazeti alimgeuzia mgongo, na fundi viatu alimrudishia viatu vyake bila kuvishona.

Siku ya tatu baada ya orodha kubandikwa, asubuhi, mjane wa kipa alifika nyumbani kwake. Alikuja na bahasha iliyofungwa kwa mpira. Akaketi, akatoa risiti kumi na saba, akazipanga mezani kwa miaka: tatu za mumewe, kumi na nne zake. Zote kwa mwandiko mmoja. Hakugomba. Alizipanga tu, zikae sawasawa.

"Shemeji," alisema, "huko nje wanasema maneno mawili. Wengine wanasema uliujua mpango wa kina mkweo na ukakubali. Wengine tunasema hapana, mtu huyu amechezewa na watoto wake, hakujua anachosaini. Tumempata wakili. Anasema ukisimama mahakamani ukatamka kwamba ulidanganywa, zile saini ni batili na mkutano ule ni batili. Uwanja unarudi. Aliyekudanganya atajibu yeye."

Daftari aliuliza atajibu nini, ingawa alikwisha kuelewa.

"Ulaghai. Wakili anasema ni kifungo. Na karatasi zile tunajua nani alizichapa." Mama yule alishusha sauti. "Najua ninachokuomba, shemeji. Nisingekuja kama ningekuwa na njia nyingine. Ulidanganywa, au ulijua?"

Pale mezani palikuwa na kila kitu alichokitaka maishani. Neno moja, tena la kweli, na klabu ingerudi kwa wenyewe. Majina yote yangerudi, uwanja ungerudi, na watu wangemwamkia barabarani. Lile neno lilikuwa tayari ulimini, limekwisha kukaa sawa. Alimwona binti yake kizimbani, na mkwe yule amekaa safu ya nyuma na tai yake ya buluu, mikono mitupu. Aliona tena jinsi binti alivyoshika pasi.

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuweka neno la uongo mahali mtu atakapolisoma. Sasa ilibidi aliseme usoni mwa mtu, na mtu mwenyewe huyu.

"Nilijua," alisema. "Hakuna aliyenidanganya."

Mjane hakuamini mara moja. Alimtazama machoni, akangoja, akampa nafasi ya kulirudisha. Daftari alizitazama risiti. Aliona pale penye mwaka wa nane wino ulikuwa umekwisha, akamalizia kwa kalamu nyingine.

"Haya," mama alisema hatimaye. "Walikupa ngapi?"

Hapo alishindwa. Uongo mmoja ulikuwa umemaliza akiba yake yote.

"Sikupewa kitu."

"Ulitufuta bure?"

"Bure."

Mama alikusanya risiti moja moja, akianzia mwisho, akazirudisha kwenye bahasha na kuifunga. Akasimama, akanyoosha nguo. Alikuwa mtu wa adabu, na hata siku ile hakusahau kuaga.

"Kwaheri, karani," alisema.